Malindi na mashindano makubwa ya kimataifa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu CHAN, mashindano ya soka ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ichezwe Kenya, Tanzania na Uganda mnamo Agosti 2025, hakuna jioni ninayomaliza mazoezi ya vijana ufuoni bila kuulizwa: "Mwalimu, na sisi Malindi lini?" Huuliza vijana, huuliza madereva wa tuktuk, na juzi mama muuza viazi karai aliniuliza kwa ukali kidogo, kana kwamba nimeyaficha mimi hayo mashindano. Nimekusanya hapa maswali ninayoyapata zaidi, pamoja na majibu yangu.

Kwa kifupi, Malindi inaweza au haiwezi?

Inategemea unazungumzia mashindano gani. Olimpiki haiwezi. Kombe la Dunia la soka haiwezi, na hata kundi moja la AFCON lingetulemea. Kwa Kombe la Dunia, FIFA hutaka uwanja uingize watu wasiopungua 40,000, na ule wa ufunguzi au fainali watu 80,000. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 119,859 katika mji wetu. Uwanja wa fainali ungetumeza theluthi mbili, kuanzia wazee wa Shela hadi watoto wa chekechea wa Muyeye, na mechi ikiisha ungebaki gofu la kufugia mbuzi.

Lakini soka ya ufuoni, voliboli ya ufuoni, mbio za tiara za majini na mashua ni habari nyingine. Hiyo ni michezo inayoutafuta mchanga na upepo, na sisi tunavyo. Naamini kwa dhati kwamba Malindi inaweza kuandaa mashindano ya Afrika ya soka ya ufuoni, na baada ya hapo yale ya dunia.

Joto letu si litawaua wachezaji?

Hili ndilo swali kubwa, na linastahili jibu refu.

Joto la Malindi kwenye kipimo si la kutisha. Februari na Machi mchana hufika kiasi cha nyuzi 32, Julai ni kama 28. Kuna miji ya Ulaya inayopita hapo kila kiangazi. Kinachotusumbua sisi ni unyevu. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho halipozi mpaka likauke. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho hutiririka tu hadi kwenye vifundo vya miguu, mchezaji akapoteza maji na chumvi bila kupata ubaridi wowote. Kwa hiyo waandaaji wa siku hizi hawategemei kipimajoto cha kawaida. Hutumia kipimo kinachochanganya joto la hewa, unyevu, upepo na makali ya jua, na katika soka kipimo hicho kikifika 32, mchezo husimamishwa kila kipindi watu wanywe maji.

Mapumziko hayo yalionekana Kombe la Dunia la 2014 katika mechi ya Uholanzi na Mexico mjini Fortaleza, Brazil, iliyoanza saa saba mchana. Fortaleza iko pwani, na imekaa kusini mwa ikweta karibu sawa na sisi. Mechi ilichezwa ikaisha, Uholanzi ikashinda 2–1.

Na hapa kwetu tuna kumbukumbu yetu. Tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilifanyika Mombasa, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kamba, nimebanana na watu kama dagaa kwenye kikapu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, na hakuna aliyedhani angeshindwa siku ile. Akaja akashindwa na hewa yetu. Alikuwa mbele na Zersenay Tadese wa Eritrea, kisha akasimama, akaacha. Tadese akashinda, Moses Mosop na Bernard Kipyego wetu wakafuata. Siku hiyo nilijifunza kwamba pwani inaweza kuandaa mashindano ya dunia na watu wakajaa kwa furaha, na papo hapo nikajifunza kwamba hewa ya Machi humwangusha hata mfalme wa mbio.

Je, si tungecheza usiku kama walivyofanya Doha?

Usiku peke yake hautoshi. Mbio za marathoni za wanawake katika mashindano ya riadha ya dunia, Doha 2019, zilianzishwa dakika moja kabla ya saa sita usiku, na bado kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2:32:43, muda wa taratibu sana kwake. Jua lilikuwa limezama kitambo lakini unyevu ulikuwa palepale.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki nayo ilihamisha marathoni ya Olimpiki ya Tokyo kwenda Sapporo, mamia ya kilomita kaskazini, ikitafuta ubaridi. Hata huko, jioni kabla ya mbio za wanawake, waandaaji walilazimika kusogeza muda wa kuanza kutoka saa moja hadi saa kumi na mbili asubuhi. Peres Jepchirchir akatwaa dhahabu.

Kwa hiyo marathoni siitaki Malindi, wala mbio zozote ndefu. Soka ya ufuoni ina vipindi vitatu vya dakika 12, wachezaji watano kila upande, na kubadilisha hakuna idadi. Mchezaji huingia, akakimbia dakika tatu nne, akatoka kunywa maji. Ni mchezo uliotengenezwa na watu wanaojua jua ni nini. Nami ningeipanga hivi: mechi mbili kati ya saa moja na saa nne asubuhi, mbili nyingine kuanzia saa kumi alasiri hadi magharibi. Mashindano ya timu 16 yana mechi 24 za makundi. Mechi nne kwa siku zinaisha kwa siku sita. Hesabu inakubali.

Umewahi kuona mchezaji akizidiwa na joto kwa macho yako?

Ndiyo, na ndiyo sababu sipendi kusikia "watoto wa pwani wamezoea".

Ilikuwa mashindano ya vijana, Februari, mechi ilipangwa saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi akachelewa, waandaaji wakakataa kuanza bila yeye, na mpira ukapigwa saa saba mchana. Winga wangu alikuwa na miaka 16. Kwanza niliona anapiga pasi kwa timu pinzani. Nikamkemea. Mara ya pili akapiga tena, kisha akaanza kutembea kuelekea baharini mpira ukiwa unachezwa. Nilipomfikia nikamuuliza jina la mama yake, akanitajia jina la shule. Ngozi yake ilikuwa moto kama sufuria.

Mtu mmoja akapiga kelele tumtafutie gari. Mzee mvuvi aliyekuwa akishusha samaki akasema, "Gari la nini, mpozeni kwanza." Tukamwaga barafu ya samaki na maji ya bahari ndani ya kasha lake, tukamketisha mtoto mle hadi shingoni, tukawa tunakoroga maji kwa mikono. Baada ya dakika kama kumi hivi akaniambia, "Mwalimu, kunanuka." Nililia. Ndipo tukampeleka hospitali.

Baadaye nilijua kwamba madaktari wa michezo husema vilevile alivyosema yule mzee: mgonjwa wa kiharusi cha joto apozwe kwanza kwa maji baridi, kisha asafirishwe. Karai kubwa la maji ya barafu kando ya uwanja ni kitu cha bei ndogo. Sitakubali mechi yoyote ya vijana bila karai hilo, mgeni rasmi awe nani.

Mji mdogo kama wetu, nani atatuamini?

Waulize Vilankulo. Ni mji mdogo wa pwani ya Msumbiji, watalii huenda huko kwa ajili ya visiwa vya Bazaruto, na ndio ulioandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la soka ya ufuoni mwaka 2022. Senegal ilichukua kombe.

Kisha waulize Shelisheli. Mei 2025 waliandaa Kombe la Dunia la soka ya ufuoni, la kwanza kufanyika Afrika, na Brazil ikaifunga Belarus 4–3 kwenye fainali. Shelisheli ni nchi nzima, lakini watu wake wote hawapiti sana idadi ya watu wa mji wetu. Timu zilikuwa 16. Hata ukihesabu watu 20 kwa kila msafara, hao ni watu 320, ambao hoteli zetu huwapokea Desemba bila kutoka jasho.

Kiwanja chenyewe ni kama mita 36 kwa 27, na mchanga unaotakiwa ni wa kina cha angalau sentimita 40. Majukwaa hufungwa kwa vyuma, mashindano yakiisha hufunguliwa. Hakuna jengo la kudaiwa miaka 30.

Mwezi gani ungefaa?

Machi hapana, nimeshasema. Aprili na Mei ni masika. Mei mvua hunyesha mpaka barabara za Maweni zinageuka mito. Desemba hadi Februari ni kaskazi, bahari tulivu, wageni wamejaa, vyumba ni ghali. Na kaskazi ina jambo moja ambalo wageni hawalijui: maji ya Mto Sabaki, yenye udongo mwekundu, husukumwa kusini yakaingia ghuba yetu, na bahari mbele ya mji ikawa rangi ya chai ya maziwa. Haidhuru mchezo, ila wapiga picha wa televisheni watauliza ile bahari ya buluu iko wapi.

Mimi ningechagua Septemba. Kusi bado inavuma lakini imeanza kulegea, hewa ina nafuu, hoteli zina nafasi. Kwa tiara za majini Julai na Agosti ndiyo bora, kusi ikiwa na nguvu zake.

Na bamvua?

Nashukuru anayeuliza hili, kwa sababu watu wa ofisini hawaliulizi. Maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Na bamvua ya huku ina tabia yake: maji hujaa alasiri, karibu na saa kumi, saa ileile tunayotaka kucheza kwa sababu ya ubaridi. Wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, mambo hugeuka na jioni ufuo huwa mpana.

Mashindano ya timu 16, kuanzia makundi hadi fainali, huchukua kama siku kumi na moja, na hayawezi kukwepa bamvua hata ukipanga vipi. Kwa hiyo kiwanja lazima kikae juu ya mstari wa mwisho wa maji, kule mwani mkavu unapoishia, na si pale chini ambapo mchanga unapendeza kwenye picha. Ufuo wa mbele ya mji umeongezeka upana kwa miaka mingi kwa mchanga unaoletwa na Sabaki, hivyo nafasi ipo. Kabla ya kupima kwa mitambo, waulizwe wavuvi.

Wageni watafikaje?

Hapa ndipo tunapobanwa. Uwanja wetu wa ndege una njia ya kurukia ya takriban kilomita 1.4. Ndege za kutoka Nairobi zinatua, ndege kubwa za kutoka ng'ambo haziwezi. Habari za kuirefusha tumezisikia miaka na miaka. Kwa hiyo timu zingetua Mombasa, kisha barabara ya kilomita 120 hivi kupitia Mtwapa na Kilifi. Siku njema ni saa mbili na nusu, na siku ambayo lori limelala Mtwapa, Mungu ndiye ajuaye.

Kwa timu 16 inawezekana: mabasi, polisi wa barabarani, na kusafiri alfajiri. Kwa watazamaji 40,000 isingewezekana.

Maji na umeme je?

Maji yetu hutoka Baricho, kwenye Sabaki, na chanzo hichohicho huhudumia Kilifi na Mombasa. Mtu wa mtaa wetu wa Kisumu Ndogo anajua maana ya bomba kukauka siku tatu. Sitaki kuona wageni wanaoga na kunyunyiziwa kiwanja huku mama zetu wakinunua maji kwa mtungi. Na kunyunyizia ni lazima: katika voliboli ya ufuoni ya Olimpiki ya Tokyo mchanga ulikuwa moto kiasi cha kuchoma nyayo, wakaumwagia maji. Jibu langu ni kwamba mchanga umwagiwe maji ya bahari, yako hatua hamsini, na matangi yatakayoletwa kwa ajili ya mashindano yabaki kwenye mitaa.

Taa za usiku zina ubaya gani?

Kasa. Wanataga kwenye fuo zetu na za Watamu, na vifaranga wakitoka mchangani hufuata mwanga wakidhani ni bahari. Ukiwasha mataa makubwa ufuoni watapanda juu barabarani. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968. Tumelinda kitu hiki muda mrefu mno kukipoteza kwa mechi ya saa tatu usiku.

Matumbawe nayo. Mnamo 2024 Olimpiki ya Paris ilipeleka mchezo wa kuteleza mawimbini Teahupo'o, kule Tahiti. Mnara wa waamuzi uliopangwa kwanza ulikuwa mkubwa, wenyeji wakaandamana kwa ajili ya matumbawe yao, na mnara ukapunguzwa. Wachezaji wakalala kwenye meli badala ya kujengewa kijiji. Wenyeji wakisema mapema husikilizwa, hata na Olimpiki.

Sisi ni mji wa Waislamu wengi. Mavazi ya voliboli ya ufuoni je?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na kina baba wenye mabinti wanaojua mpira. Tangu 2012 kanuni za mchezo zinaruhusu kaptula na mikono mirefu. Katika Olimpiki ya Rio 2016, Doaa Elghobashy wa Misri alicheza amevaa hijabu, mikono mirefu na suruali, dunia nzima ikaona. Na Kenya tayari ina njia: Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi waliiwakilisha nchi katika voliboli ya ufuoni Tokyo. Binti wa Barani au wa Majengo anaweza kucheza mchezo huu akiwa amevaa kama anavyovaa nyumbani kwao. Baba, mlete.

Ratiba nayo ipishane na Ramadhani na Iddi, na mchana wa Ijumaa kusiwe na mechi. Kwa kuwa saa za mchana hatuchezi kwa sababu ya joto, adhuhuri inabaki huru yenyewe.

Wavuvi watafukuzwa?

Wasifukuzwe, na jambo hili liandikwe kabla ya kitu chochote. Njia za kushukia ufuoni zimekuwa zikizibwa moja baada ya nyingine na kuta za majumba. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nilikuwa na njia tatu za kwenda baharini, leo nina moja. Mashindano yakija na uzio mwingine, yatakuwa yameongeza dhuluma. Yakija na sharti la kufungua njia zilizozibwa, hata mtu asiyejua mpira atanufaika. Diko la samaki, pale wavuvi wanaposhusha, libaki linafanya kazi siku zote za mashindano. Timu zitakula samaki gani kama wavuvi wamefungiwa?

Kwa nini isiwe Lamu?

Naipenda Lamu. Ni Urithi wa Dunia tangu 2001, vichochoro vyake havipitishi hata mkokoteni mpana, na mashindano yake ya majahazi hayana mfano. Ibaki na hayo. Malindi ina barabara, hoteli na ufuo mrefu ulio wazi.

Tutafaidikaje na AFCON 2027?

AFCON ya 2027 wamepewa Kenya, Tanzania na Uganda. Mechi hazitakuja kwetu, lakini mazoezi yanaweza kuja. Mwili huchukua kama siku kumi hadi kumi na nne kuzoea joto la unyevu: huanza kutoa jasho mapema na moyo hutulia. Timu itakayocheza Dar es Salaam itakutana na hewa kama yetu. Kambi ya wiki mbili Malindi ni dawa kwa timu iliyozoea ubaridi. Tunachohitaji ni kiwanja kimoja cha nyasi chenye kiwango, na hicho kitabaki kwa watoto wetu.

Kenya imewahi kunyang'anywa mashindano. Tusije tukaaibika tena?

Ni kweli. AFCON ya 1996 ilitutoka ikaenda Afrika Kusini, CHAN ya 2018 ikaenda Morocco. Durban nayo, jiji la pwani lenye uwanja wa Kombe la Dunia, ilipokonywa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022 kwa sababu ya fedha, ikaenda Birmingham. Wote walikubali mzigo kwanza, wakatafuta mabega baadaye. Lakini Nairobi iliandaa mashindano ya riadha ya dunia ya vijana mwaka 2017 na 2021, na CHAN ikafikia fainali yake Kasarani. Tunaweza tukiomba kinacholingana na mfuko wetu.

Tuanze na nini mwaka huu?

Mashindano ya siku tatu, Septemba, timu nane za kaunti za pwani, wavulana na wasichana. Kiwanja kimoja juu ya mstari wa maji. Mechi ya kwanza saa moja asubuhi, mgeni rasmi awepo asiwepo. Mtu mmoja mwenye kipimo cha joto na unyevu akiandika namba kila nusu saa kwenye daftari, kwa sababu shirikisho lolote litakalokuja kutukagua litataka kuona namba hizo. Ninalo daftari tayari. Yule mzee mvuvi ameahidi kasha lake la barafu, na safari hii amesema ataliosha kwanza.